Mkanda Haupendi Kukonda

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi iliyopita Arusha, mbele ya wapiga picha wanaotumia mikanda ya rangi. Wengi mlinipigia mkasema hamkuweza kufika, basi nimeyaandika yote kama nilivyoyasema, zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Marahaba, marahaba wanangu, nimewasikia wote. Na wazee wenzangu pale nyuma shikamooni, nawaona mmekaa karibu na chai.

Mimi nimetoka Moshi asubuhi hii, na nimekuja na begi moja tu, ndani yake kuna negativu za miaka ishirini na kitu. Sikuja na kamera kabisa. Kamera mnazo nyie, tena nzuri kuliko zangu. Nimekuja na negativu kwa sababu kila wiki napigiwa simu na kijana wa hapa Arusha, mama picha zangu zimetoka na tope, mama rangi imechacha, mama huu mkanda ni feki, na mimi kila mtu namuuliza swali moja. Negativu yenyewe umeiangalia? Umeishika mkononi, ukaiweka dirishani, ukaitazama? Kimya. Hajaiangalia. Ameangalia skani kwenye simu, basi. Mkanda mmoja siku hizi unakaribia nauli ya kwenda Dar, halafu hatuutazami usoni!

Mimi nimezaliwa studio. Baba alikuwa na studio ndogo Moshi mjini, zile za pazia lenye mchoro wa ndege na maua ya plastiki, na mimi nimejifunza kusoma negativu kabla sijajua vizuri kusoma gazeti. Baba alikuwa na maneno yake mawili tu. Negativu nzuri, ile iliyopata mwanga wa kutosha ikawa nzito nyeusi, alisema ina nyama. Negativu mbaya, iliyokosa mwanga ikabaki wazi, alisema imekonda. Mkanda ukirudi kutoka kusafishwa anauvuta mrefu, anauweka kwenye mwanga wa mlango, anasema hii ina nyama, hii ina nyama, hii imekonda, nani kapiga hii? Na kwa kawaida aliyepiga ni mimi.

Niwape kisa cha siku niliyokondesha mkanda mpaka leo unaniuma.

Ilikuwa mwaka 2001, harusi Kibosho. Baba akasema leo nenda peke yako, akanipa Nikon FM2 na mikanda minne ya ISO 200, ile namba ya wepesi wa mkanda kushika mwanga. Jua la Desemba, saa saba mchana, mnalijua lile jua. Bibi harusi katoka kanisani na gauni jeupe mpaka linaumiza macho, mimi nikaelekeza kamera kwake, mita, kile kipima mwanga cha kamera, ikaniambia mwanga mwingi huo, punguza. Nikapunguza. Ikasema punguza tena. Nikapunguza, mimi ni mtoto mtiifu. Sasa mita jamani haijui harusi. Mita inadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu, ukiionyesha gauni jeupe inataka kulifanya kijivu, ukiionyesha theluji ya Kibo inataka kuifanya kijivu, na sura za watu wetu zilizo pembeni ya hilo gauni zinazama chini kabisa huko ambako mkanda haushiki kitu.

Hapo bado. Baadaye tukaenda nyumbani, ndafu imeshaletwa, na bibi yake bibi harusi amekaa chini ya migomba, kavaa kitenge cheusi cheusi, anacheka. Mtu akaniambia dada mpige bibi. Nikampiga. Sikubadilisha kitu, kamera iko vile vile nilivyoiweka kwa ajili ya gauni jeupe juani, na bibi yuko kivulini. Picha moja, nikaendelea na ndafu.

Mkanda uliporudi, baba alifika kwenye ile fremu akanyamaza. Ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha. Pale penye uso wa bibi hapakuwa na kitu, palikuwa na meno na ukingo wa kitenge. Tulijaribu kuichapa ikatoka kahawia kama chai iliyomwagika. Familia wakaja kuulizia ile picha mwaka uliofuata, bibi ameshafariki, na hawakuwa na nyingine. Baba hakunipiga wala hakunigombeza, alisema tu, "Umenikondesha mkanda," akaendelea na kazi zake.

Sasa nawauliza. Mwanga pungufu na mwanga uliozidi, kipi kinaua mkanda wa rangi?

(Wengi walisema uliozidi.)

Mnaona! Na ninajua kwa nini mnasema hivyo. Kwanza mmejifunzia dijitali, na dijitali ukiizidishia mwanga wingu linakuwa jeupe tupu na halirudi, kwa hiyo mmefundishwa kuogopa mwanga. Hata zile slaidi za zamani zilikuwa hivyo hivyo, ukizidisha zinakuwa maji. Pili, na hili mimi ndio naliona kubwa zaidi, lugha yetu imetudanganya. Kiswahili cha studio kina neno moja, kuungua. Mtu akifungua mgongo wa kamera mkanda ukiwa ndani, tunasema mkanda umeungua. Mtu akipiga akazidisha mwanga, tunasema hiyo hiyo, picha imeungua. Neno moja kwa mambo mawili! La kwanza ni msiba kweli, mwanga umeingia kila mahali hata pasipotakiwa. La pili mara nyingi si chochote. Negativu imenenepa tu. Ina nyama nyingi, basi. Lakini kwa sababu tumeliita kuungua, mtu anaogopa, anapunguza, anapunguza, anatoka na mkanda uliokonda kama wangu wa Kibosho.

Mkanda wa rangi hauungui kwa stopu mbili, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu ukipunguza. Narudia. Hauungui kwa stopu mbili. Hata tatu wengi unavumilia. Ila ukiupunguzia stopu mbili unaanza kulia, vivuli vinajaa chenga na rangi inakuwa ya tope, kwa sababu pale ambapo mwanga haukufika hakuna mashine wala programu itakayotengeneza kitu ambacho hakipo.

Msiniamini kwa maneno. Mwaka jana nilimchukua mpwa wangu nikamsimamisha pale Mnara wa Saa, shati jeupe, nusu uso kivulini, nikapiga fremu nane mfululizo kwa Kodak Gold 200, ya kwanza pungufu stopu mbili, nikapanda hatua moja moja mpaka nikafika zaidi ya stopu tano. Hizi hapa, mtazipitisha mkono kwa mkono, shikeni pembeni tafadhali. Ile ya pungufu mbili upande wa kivuli hauna sikio, mpwa wangu ana sikio moja. Ile ya kawaida nzuri. Zaidi ya moja nzuri zaidi, zaidi ya mbili nzuri, zaidi ya tatu bado nzuri ila skana imeanza kuhema. Ya tano hapo ndio shati limekuwa kipande kimoja kisicho na mikunjo na ngozi imeingia rangi ya ajabu. Kwa hiyo sisemi mwageni mwanga kama maji ya bomba, nasema mkikosea, mkosee kuelekea kwenye nyama.

Kwa vitendo ni hivi. Mkanda umeandikwa 200, wewe weka kamera 100, ni stopu moja ya akiba. Mita usiielekeze angani wala kwenye gauni, ielekeze kwenye kivuli ambacho unataka tukione, uso ulio chini ya kofia, mama aliye chini ya mgomba. Kama kamera yako ya urithi mita imekufa, tumia kanuni ya kumi na sita, jua kali la wazi weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata moja chini ya namba ya mkanda, kwa 200 weka 1/250, halafu mtu akiingia kwenye kivuli fungua stopu tatu, kivuli kizito fungua nne. Shata za zamani nyingi zimechoka, zinachelewa kujifunga, na hilo ndilo kosa pekee la kamera mbovu ambalo mkanda wa rangi unalifurahia. Wanaopanda mlima, kule juu kwenye barafu ongeza stopu moja na nusu mpaka mbili juu ya mita inavyosema. Na mnaopitia KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, ombeni kwa adabu mikanda ikaguliwe kwa mkono, hasa penye zile mashine mpya za CT zinazozungusha picha ya begi zima, zile zinaacha ukungu kwenye mkanda kweli, na msiuweke kwenye begi la chini ya ndege kabisa kabisa.

Kusafisha sitaongea sana maana muda hautoshi. Dawa ni C-41, ile ile tangu 1972, joto nyuzi 37.8, dakika tatu na sekunde kumi na tano kwenye dawa ya kwanza, na hapo hakuna ujuaji, joto likicheza rangi inacheza. Mimi nafanya kwenye beseni la maji ya moto jikoni na watu wa nyumbani wameshazoea.

Sasa twende kwenye lile linalowasumbua, ile rangi ya chungwa.

Kijana mmoja aliniletea mkanda wake kwa hasira, akaniambia mama dawa zao mbovu, tazama mkanda mzima umetoka na kutu. Kutu! Nikamwambia mwanangu, ukitoka bila hiyo kutu ndio uje na hasira. Ile chungwa wameiweka makusudi. Mkanda una tabaka tatu za rangi, samawati, zambarau-nyekundu na njano, na hizo rangi si safi. Ile zambarau-nyekundu inatakiwa izuie kijani tu, ila inaiba na bluu kidogo. Ile samawati inatakiwa izuie nyekundu, lakini inaiba kijani na bluu kidogo. Na wizi wenyewe hauko sawa, panapokuwa na rangi nyingi inaiba sana, penye kidogo inaiba kidogo. Hesabu gani utapiga hapo?

Nendeni Soko Kuu mkamwangalie mama anayeuza unga. Anaweka bakuli kwenye mizani, unga ndani ya bakuli, anapima vyote, halafu anatoa uzito wa bakuli. Hana shida kwa sababu bakuli ni lile lile kila mara. Angekuwa anabadilisha bakuli kwa kila mteja angefilisika au angepigwa. Sasa mafundi wa Kodak miaka ya 1940 walifanya hivyo hivyo, walitia chungwa kwenye mkanda, na pale rangi inapojitengeneza ile chungwa inapungua kwa kiasi kile kile cha wizi. Ukijumlisha wizi na chungwa iliyobaki unapata kiasi kimoja mkanda mzima, fremu ya kwanza mpaka ya thelathini na sita. Yaani wamelifanya bakuli liwe moja. Kazi yako wewe unayeskani ni kutoa uzito wa bakuli, hiyo tu.

Na bakuli unalipima wapi? Pembeni! Pale kati ya fremu na fremu, au kwenye ncha ya mkanda ambayo haikupigwa kitu. Halafu nyie mnafanyaje? Mnaskani mnakata pembeni ili picha iwe safi, halafu mnaiambia programu igeuze rangi, programu inakisia bakuli, leo inakisia hivi kesho vile, fremu hii ya kijani, ile ya pinki, unasema mkanda feki. Acheni ukingo kwenye skani. Piga hesabu kwanza, ndio ukate.

Kuskani kwenyewe, wengi hapa hamna skana, mna kamera na lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, na hiyo ni njia nzuri tu wala msijidharau. Ila mimi nilipoanza niliharibu miezi mitatu mizima, sikilizeni.

Nilinunua taa ya LED ya bei ya chini, ile ya kubandika ukutani. Nikaiwekea plastiki nyeupe, nikaweka negativu juu, nikapiga. Watu wote wakatoka na ngozi ya kijani kidogo, si sana, kama mtu aliyeshuka basi la Lushoto. Nikarekebisha kwenye kompyuta, ngozi ikakaa, majani yakaharibika. Nikarekebisha majani, ngozi ikaondoka. Nikalaumu mkanda, nikalaumu dawa, nikailaumu kamera, nikaja kumlaumu mpaka aliyeniuzia thermomita. Siku moja rafiki yangu mwenye skana akaskani negativu ile ile, ikatoka safi kama alivyosimama mbele yangu. Ile ile! Tatizo lilikuwa taa. Taa rahisi ina mapengo, rangi nyingine inazitoa kidogo sana, na kisichotoka kwenye taa huwezi kukiongeza baadaye. Tafuta taa ambayo wameandika CRI 95 au zaidi, hicho ni kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Na usitumie skrini ya simu kuweka negativu moja kwa moja juu yake, utapiga na vidoti vya pikseli, inyanyue juu kidogo na uweke plastiki nyeupe katikati.

Na zima taa za chumbani. Nilikuwa na pazia la bluu, na bluu ile ilikuwa inarudi juu ya mkanda kutoka mbele, nikaigundua siku umeme umekatika mchana nikafunga dirisha nikatumia taa ya betri, picha zikawa bora kuliko siku zote. Tanesco walinisaidia siku hiyo, sijawahi kusema hivyo tena.

Mambo mengine ya kuskani kwa kamera ni ya haraka. Piga faili ghafi, si jipegi. ISO 100, f/8, kamera kwenye stendi, tumia kioo kidogo kuhakikisha lenzi inautazama mkanda sawasawa bila kuinama. Mwanga wa skani weka kwa mkono, usiache kamera iamue, na ukishaupata usiuguse mpaka mkanda uishe, kwa sababu ukiacha kamera iamue inabadilisha bakuli kila fremu, tumerudi kule kule kwa mama wa unga. Unaupataje? Elekeza kwenye ule ukingo mtupu, ongeza mwanga mpaka ukingo uwe mkali ila usigonge mwisho wa histogramu, ule mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye kamera, na uangalie kila rangi peke yake, nyekundu ndio itagonga mapema na bluu itabaki nyuma, kwa sababu chungwa inaimeza bluu. Kumbukeni hapa mambo yamepinduka, sehemu kali ya negativu ndio weusi wa picha yako. Dijitali mnayoijua inarudi hapa kwenye skani! Kwenye kupiga picha zidisha, kwenye kuskani usigongeshe. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku.

Mwenye skana ya meza, fremu ya milimita 24 kwa 36 ukiiskani kwa nukta 2400 kwa inchi unapata kama pikseli 3400 kwa 2270, hiyo inakutosha kuchapa karibu A4 nzuri, usijaze diski kwa namba kubwa ambazo skana inazibuni tu. Vumbi la Arusha mnalijua, skana nyingine zina taa ya infraredi inayoliona vumbi na kulifuta, kwenye mkanda wa rangi inafanya kazi vizuri kwa sababu zile rangi zinapitisha infraredi na vumbi halipitishi, ila usiiwashe kwenye mkanda wa kawaida wa nyeusi na nyeupe, fedha iliyomo nayo inaizuia, itafuta mpaka nyusi za mtu. Sisi wa kamera tunapuliza kwa kipira. Hatufuti kwa kanga. Dada pale nimekuona umecheka, umewahi kufuta kwa kanga.

Na herufi za pembeni zikisomeka kinyume, geuza. Nilimpelekea mteja albamu nzima pete iko mkono wa kulia. Mama mkwe alinipigia saa nne usiku.

Kitu kimoja kuhusu ngozi zetu, maana kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza. Zamani maabara zilikuwa zinapima mashine zao kwa kadi ya Shirley, kadi yenye picha ya dada wa Kizungu, ngozi yake ikikaa vizuri wanasema mashine iko sawa. Sasa wewe na mimi tunaingia wapi hapo? Baba alijua hili bila kusoma popote. Mikanda aliyokuwa anapeleka kuchapwa alikuwa anaweka fremu ya kwanza picha ya mama yangu, kasimama mlangoni pa studio kwenye mwanga laini, na anawaambia huyu akitoka alivyo, zingine zote mziache hivyo hivyo. Mimi nafanya hivyo mpaka leo. Fremu ya kwanza ya kila mkanda ni mtu ninayemjua rangi yake, anatazama mwanga laini, ana nyama ya kutosha. Nikishamweka yeye sawa kwenye kompyuta, mpangilio ule ule naumwaga kwenye mkanda mzima, halafu ndio narekebisha kidogo kidogo. Haichukui hata dakika, fremu moja kati ya thelathini na sita.

Haya, nimeongea sana na chai inapoa. Mliokuja na mikanda yenu ileteni hapa mbele, si skani, sitaki simu, nataka mkanda. Dirisha lile lina mwanga mzuri bado kama nusu saa hivi. Wewe wa koti jekundu uliyesema umeuziwa feki, anza wewe, uvute wote mpaka mwisho tuuone.